Shangazi, nitajuaje kama niko vizuri kifedha?

*Shikamoo shangazi. Ni mtumishi wa umma, nilihamia Dodoma kutoka Dar es Salaam, nimepanga Ilazo. Mkononi napokea 740,000. Wenzangu wananiona mambo safi, lakini ikifika tarehe 18 nakopa kwenye simu. Niko vizuri au najidanganya? Nipunguze hela ya mama?*

Marahaba mwanangu. Orodha yako ya matumizi nimekaa nayo jana usiku na kalamu.

Mkulima wa Bahi au Chamwino ana msimu mmoja tu wa mvua. Akishavuna mtama, swali lake ni moja: magunia haya yatatufikisha mwezi wa ngapi? Jipime hivyo hivyo. Mshahara ukisimama leo, utaishi siku ngapi?

Kodi, chakula, usafiri, luku, maji, gesi na 50,000 ya mama vinafika 600,000, yaani 20,000 kwa siku. Kikoba una 300,000. Toa deni la simu 180,000, zinabaki 120,000. Siku sita, mwanangu. Nilisikitika, maana kwenye orodha yako sikuona anasa.

Niliona kadi za michango ya harusi. Baada ya matumizi ya lazima unabakiwa na 140,000, lakini kila mwezi unatoa michango miwili, 50,000 kila mmoja, pamoja na 70,000 ya kitenge cha sare na fundi. Umepungukiwa 30,000. Miezi sita ya pengo hilo ndiyo 180,000 unazodaiwa, riba bado.

Na usijifariji kwamba salari slipu yako haijavunja kanuni ya theluthi moja. Kanuni hiyo inalinda theluthi ya mshahara wa msingi isikatwe. Mikopo ya simu na kamati za harusi haizioni.

Mwezi huu changia 20,000 tu, kwa yule wa damu yako. Yule mwingine mpigie mwenyewe kabla hujakumbushwa kwenye grupu, umwambie: "Sina, ila nitakuja kupika." Nenda na gauni ulilonalo. 120,000 iliyobaki ipeleke kwenye deni hadi liishe, kisha kikoba. Ukishikilia hivyo, ndani ya miezi minne, au mitano kwa sababu ya riba, utakuwa na 600,000: siku 30. Hapo ndipo uanze kuitafuta ya 90.

Hela ya mama usiiguse. Ukifikisha siku 30 niandikie, nitasubiri barua yako.