Mwalimu Anajibu: Nimelipia masomo ama kuchimba udongo?

Swali: Mwalimu, jambo. Mwanangu yuko mwaka wa pili wa agronomia hapa Lubumbashi. Tangu mvua ziishe, kila Alhamisi anarudi na vumbi hadi magotini. Profesa anawapeleka Penga Penga kuchimba udongo, kuutia mifukoni na kuandika namba. Silabasi tuliinunua, wamefungua kurasa chache tu. Mimi nauza bunga sokoni ili minervali, karo ya chuo, ipatikane. Nimelipia mtoto asome, ama profesa apate vibarua wa bure?
*Mama mzazi, Katuba*

Jibu: Jambo sana, mama. Minervali haiokotwi barabarani, kwa hiyo hasira yako naielewa. Lakini kwanza nikuambie Penga Penga ni nini kwa mtu wa agronomia.

Ni upande ambao upepo ulikuwa ukipeleka moshi wa kiwanda cha shaba, kilichoanza kuyeyusha mwaka 1911. Metali zilishuka ardhini pamoja na asidi, majani yakafa, udongo ukabaki uchi, mvua ikawa inauchukua. Watafiti wa agronomia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (Unilu) walijaribu kuutibu: wakatia chokaa na mboji, wakapanda nyasi zilizozoea ardhi ya shaba, mojawapo *Microchloa kunthii*, nyasi fupi ya vilima vyetu. Chokaa hupunguza asidi, na asidi ikipungua, shaba haiingii kwa urahisi katika mizizi.

Haya yote mwanao angeweza kuyakariri kwa mistari mitatu na kuyarudisha siku ya mtihani. Mistari hiyo isingemwambia kwamba mifuko miwili ya udongo uliochimbwa mahali palipotengana hatua chache tu inaweza kutoa namba zisizofanana kabisa. Hapo ndipo kichwa kinapoanza kufanya kazi. Je, tulichimba kina kimoja? Jembe lilikuwa safi? Ama udongo wenyewe ndivyo ulivyo? Ataulizwa pia kwa nini kipande kimoja kiliachwa bila chokaa wala mboji, na ataelewa kwamba bila kipande hicho hakuna anayeweza kusema chokaa imesaidia. Kesho mfanyabiashara wa mbolea akimwambia dawa yake inazidisha mavuno mara mbili, atamuuliza: mara mbili kuliko shamba gani? Mimi ningelipa minervali kwa ajili ya swali hilo moja.

Tena maswali yenyewe ni ya kwetu. Wewe uko sokoni, unajua watu wanavyouliza lengalenga zimenyweshwa maji ya wapi. Watafiti wa Unilu wamepima metali katika mboga za bustani za mji huu. Mwaka 2009, wakiwa na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mikojo ya wakazi wa Katanga: waliokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha walikuwa na kobalti nyingi kuliko waliokaa mbali. Kijana wa agronomia wa Lubumbashi asiyejua kupima udongo atafanya kazi gani hapa?

Hata hivyo, shaka yako usiitupe. Jioni mkila bukari, muulize mnatafuta nini kule. Akikujibu "profesa ndiye anajua", basi ni kibarua kweli, na una haki ya kwenda kuuliza chuoni. Akianza kukueleza kipande hiki na kipande kile mpaka bukari ipoe, mwache aende. Na nauli ya taksibasi? Kama utafiti una fedha zake, mimi sioni kwa nini itoke kwenye bunga lako.

Swali: Profesa wetu ni mtafiti mkubwa, makala zake zinasomwa Ulaya. Darasani anatusomea karatasi hadi tunasinzia. Si wanasema mtafiti mzuri ndiye mwalimu mzuri?
*Mwanafunzi, Kampemba*

Jibu: Wanasema, ndiyo. Mwaka 1996 John Hattie na Herbert Marsh waliunganisha matokeo ya tafiti 58 kuhusu jambo hilo, wakakuta uhusiano kati ya wingi wa utafiti wa mwalimu na ubora wa ufundishaji wake unakaribia sifuri. Utafiti haumharibu mwalimu, ila haumfikii mwanafunzi wenyewe tu; lazima mtu aulete darasani. Wilhelm von Humboldt, ambaye fikra zake zilijenga chuo kikuu cha Berlin cha mwaka 1810, alitaka profesa na mwanafunzi wote wawili wawe watumishi wa elimu ambayo bado haijakamilika. Kusomewa karatasi hakumo.

Msimnung'unikie koridoni. Someni makala yake moja, mchague jedwali moja, kisha CP wenu, kiongozi wa darasa, amwombe kwa heshima awaletee namba zilivyokuwa kabla hazijasafishwa, awaonyeshe alizoziacha na sababu. Sijaona mtafiti anayesinzia akiulizwa juu ya namba zake mwenyewe.

Swali: Mimi ni wa historia. Utafiti si mambo ya maabara?
*Ruashi*

Jibu: Hapana, ndugu. Na jembe linaweza kukufikia hata wewe: ua la shaba, *Haumaniastrum katangense*, hupenda kuota palipoyeyushwa shaba zamani, na limewasaidia wanaakiolojia kupata tanuru za kale. Lakini anzia karibu. Tafuta wazee wawili waliofanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, kila mmoja kwake, uwaulize jambo lilelile: kwa mfano, posho ya chakula ilikuwa nini na ilikoma lini. Andika tarehe ya mazungumzo na maneno yao kama walivyoyasema. Hawatakubaliana. Pale wanapotofautiana, peleka kwa mwalimu wako kabla hujachagua kichwa cha kazi yako ya mwisho.