Laptopu ya zamani imegoma kuwaka baada ya apdeti

Kama nembo ya Windows 10 inatokea kisha vidoti vinazunguka tu, ubao mkuu wa ndani (motherboard) haujafa. Mara nyingi ni apdeti iliyokatika, labda stima ilipotea. Iwashe, nembo ikitokea shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 10 izime. Rudia mara 2 au 3, italeta yenyewe menyu ya ukarabati. Ingia kutatua matatizo, chaguo za ziada, kuondoa masasisho (yaani apdeti). Anza na la ubora la karibuni. Mafaili yako hayaguswi. Ila ikidai ufunguo wa BitLocker, yaani kufuli la diski la Windows, utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft, na asikudanganye mtu ufomati kwanza.

Skrini ikiwa nyeusi tii na feni inavuma, hapo kwa kawaida apdeti inasingiziwa. Chomoa chaja, toa betri (za zamani zina vishikizo viwili chini, visukume tu), shikilia kitufe sekunde 30. Bado? Toa RAM (kijibamba cha kumbukumbu), sugua meno yake polepole kwa raba ya penseli, pangusa, irudishe mpaka ilie "tak". Hewa ya chumvi huku Lamu huyatia utando.