Ibada na kipindi cha Biblia: daftari moja, si mawili

Mchungaji mpya wa Kimethodisti akikabidhiwa kanisa, mara nyingi hujikuta anaendesha mipango miwili. Jumapili ina mpango wake: masomo, mahubiri, nyimbo, maombi. Katikati ya juma kuna kipindi cha Biblia, nacho kina mpango wake, aghalabu kitabu alichokipenda chuoni au mada iliyoombwa na muumini mmoja mwenye sauti kubwa. Miezi michache haipiti kabla hajachoka, maana kila wiki anaandaa mafundisho mawili yasiyosaidiana, na watu wale wale wanalishwa mambo yasiyojuana. Ushauri wangu kwenu mnaoanza ni huu: yote yaingie katika daftari moja, na kipindi cha katikati ya juma kiitangulie Jumapili badala ya kuifuata.

Jambo hili si geni kwetu. Agosti 1755 John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alipotaka kuwaongoza watu wake wa London kufanya upya agano na Mungu, hakuwashtukiza nalo madhabahuni. Alilitaja kwanza, akalieleza asubuhi kadhaa mfululizo, watu wakafunga siku moja, ndipo Jumatatu tarehe 11 walipokutana Spitalfields, na watu wapatao 1,800 wakasimama kuonyesha wameridhia. Ibada ya Agano tunayoifanya siku hizi karibu na mwanzo wa mwaka inatoka huko. Mafundisho yalitangulia, ibada ikafuata. Leo kuna makanisa ambako karatasi ya agano hugawiwa mlangoni na watu husoma maneno mazito ya kujitoa huku wakiyaona kwa mara ya kwanza. Ukianza utumishi kabla ya Desemba, tenga vipindi viwili au vitatu vya kuisoma sala ya agano sentensi kwa sentensi. Wapo watakaokuambia hawako tayari kuitamka. Mazungumzo hayo yana thamani kuliko ukumbi uliojaa.

Sasa tuje kwenye daftari lenyewe. Anza na tarehe ambazo huna mamlaka nazo. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kalenda ya kanisa unaoangukia 21 Machi au baada yake, kwa hiyo hucheza kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Ukishaipata, hesabu siku 46 kurudi nyuma upate Jumatano ya Majivu, na wiki 7 kwenda mbele upate Pentekoste. Mwaka 2026 Pasaka ni 5 Aprili, Majivu 18 Februari, Pentekoste 24 Mei. Kisha tia Majilio (majuma ya kungoja Krismasi, yanayofungua mwaka wa kanisa), Krismasi, Ibada ya Agano, na tarehe za Meza ya Bwana. Hizo za mwisho zipange mapema sana ikiwa sakiti yako, yaani eneo lako la utumishi, ina makanisa kadhaa na wewe peke yako ndiye mwenye daraja, yaani uliyewekewa mikono, kwa sababu kila kanisa litazitaka Jumapili zile zile. Wesley alihimiza watu washiriki Meza kila wapatapo nafasi, na hata mwaka 1787 alichapisha hotuba juu ya wajibu huo. Usiiache Meza iwe kitu kinachotokea tu mchungaji anapopita.

Baada ya hapo ndipo masomo. Wamethodisti wengi hufuata kalenda ya masomo ya pamoja (orodha ya masomo ya kila Jumapili inayotumiwa na madhehebu mengi) iliyokamilishwa mwaka 1992, yenye mzunguko wa miaka 3: Mwaka A ni wa Mathayo, B wa Marko, C wa Luka. Yohana hana mwaka wake. Amegawanywa, hasa katika Kwaresima na majira ya Pasaka. Ili usichanganyikiwe, kumbuka kwamba mwaka unaogawanyika kwa 3 bila kubaki kitu, Majilio yake ndiyo yanayofungua Mwaka A. Majilio ya 2025 yalifungua A, ya 2026 yanafungua B.

Hapa wapya hukwama mahali pamoja, na inafaa tupatazame. Kila Jumapili ina somo la Agano la Kale, Zaburi, Waraka na Injili. Mhubiri mpya hudhani manne hayo yamechaguliwa yafanane, basi hukesha akitafuta uzi wa kuyafunga. Kuanzia Majilio, Agano la Kale kwa kawaida limechaguliwa liitikie Injili, na uzi upo. Katika Pasaka somo la kwanza hutoka Matendo ya Mitume. Lakini baada ya Pentekoste hali hubadilika. Nyaraka husomwa kwa kufuatana juma baada ya juma, na kalenda hutoa njia mbili za Agano la Kale: moja inayolinganishwa na Injili, nyingine inayofuata simulizi yake yenyewe hatua kwa hatua. Ukiishika njia hii ya pili, masomo matatu yanatembea kila moja kwenye barabara yake. Jumapili ya 28 Juni 2026 Ibrahimu anapanda mlima na Isaka, Paulo anawaambia Warumi wasiiache dhambi itawale ndani ya miili yao, na Mathayo anasema habari ya kikombe cha maji ya baridi. Usiwalazimishe waimbe sauti moja. Chagua somo moja, lihubiri kwa ukamilifu, na mengine yasomwe vizuri tu. Neno lililosomwa kwa ufasaha halihitaji kuombewa radhi kwamba halikuhubiriwa.

Hapo ndipo daftari moja linapolipa. Mwaka huo huo, kuanzia 7 Juni hadi 13 Septemba, somo la Waraka linatoka Warumi, Jumapili 15 mfululizo. Ukihubiri Mwanzo Jumapili, kipindi cha Biblia kinaweza kuchukua Warumi. Ukihubiri Warumi, kipindi kichukue sura nzima ambayo kalenda imeikata vipande. Isitoshe, Pentekoste ya 2026 inaangukia 24 Mei, tarehe ile ile ambayo mwaka 1738, katika mkutano mdogo mtaa wa Aldersgate, Wesley alihisi moyo wake kupata joto huku ukisomwa utangulizi wa Luther kwa Waraka wa Warumi. Mlango wa kuingilia masomo ya miezi mitatu umefunguliwa wenyewe. Kazi yako ni kuuona mapema, si Jumamosi usiku.

Kalenda ina mashimo pia. Waamuzi husomwa Jumapili moja tu katika miaka yote 3, na Esta vivyo hivyo. Mimi hupenda mashimo hayo yajazwe katikati ya juma, kwa sababu vitabu vyenye damu na maswali magumu vinahitaji chumba chenye viti vya duara, si mimbari. Na ina mahali inapokaa sana: Mwaka B hubaki katika Yohana 6 kwa majuma 5. Mwaka 2027 ni kuanzia 25 Julai hadi 22 Agosti. Wahubiri wengi kufikia juma la tatu wameshasema yote wayajuayo kuhusu mkate. Panga Meza ya Bwana ndani ya majuma hayo, na uwape wahubiri walei (wasio na daraja) sehemu zao mapema ili wasirudie kuhubiri jambo moja. Kuhusu urefu, Kwaresima ya Mwaka A ina Nikodemo, mwanamke Msamaria, kipofu na Lazaro. Habari ya kipofu peke yake ni aya 41. Tafuta wasomaji kadhaa, mmoja msimulizi, mwingine kipofu, mwingine Mafarisayo, wakutane kuifanyia mazoezi. Watu watasikiliza.

Kipindi chenyewe kiendeshweje? Kisiwe jaribio la mahubiri. Soma fungu la Jumapili ijayo mara mbili, ikiwezekana kwa tafsiri mbili, kisha uliza: ni neno gani limekusumbua? Nani katika habari hii hakupewa nafasi ya kusema? Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kwa wachungaji. Andika maswali yao kwa maneno yao. Mama mmoja akiuliza kwa nini Sara hakuambiwa kuhusu Isaka, hilo ni lango la mahubiri ambalo vitabu vyako vya ufafanuzi huenda havikuligusa. Lakini likifika mimbarini lifike bila jina wala dalili ya aliyeuliza. Ukimtaja mara moja, hata kwa sifa, juma lijalo wote watakuwa na maoni salama tu.

Usichanganye kipindi hiki na darasa la Kimethodisti la asili. Madarasa yalianza Bristol mwaka 1742, na yalianza na deni: ilihitajika kulipa deni la jengo, ikakubaliwa kila mtu atoe peni moja kwa wiki, na kila watu 12 hivi wapewe mmoja wa kuwakusanyia. Wakusanyaji walipowapitia watu nyumbani waligundua hali zao, na mpango wa fedha ukageuka kuwa ulezi wa roho. Darasa huuliza unaendeleaje na Mungu. Kipindi cha Biblia huuliza andiko linasema nini. Kanisa linahitaji yote mawili. Ukiyatia katika saa moja, wanaopenda kujadili watawafunika wenye mizigo.

Nyimbo nazo ziwe katika daftari hilo hilo, usizitupe kwa mwalimu wa kwaya Ijumaa jioni. Kwetu wimbo ni mafundisho. Mkusanyiko wa tenzi uliotolewa na Wesley mwaka 1780 haukupangwa kwa majira ya kanisa, ulipangwa kwa safari ya muumini: anayeitwa, anayeomboleza, anayefurahi, anayepigana. Jiulize wimbo wa baada ya mahubiri unamweka msikilizaji wapi katika safari hiyo. Kama mahubiri yameita watu kutubu, shangwe ya ghafla inawapokonya nafasi. Maelekezo ya Wesley ya 1761 juu ya uimbaji yanawataka wote waimbe, kwa nguvu lakini bila kelele za kuwazidi wenzao, kwa kufuata mwendo, na zaidi ya yote wakimtazama Mungu katika kila neno. Wimbo mgeni ufundishe kwanza kwenye kipindi cha Biblia. Jumapili ikifika kuna watu waliotawanyika ukumbini wanaoujua, na wengine hujishikiza kwao. Mwalimu wa kwaya mpe masomo ya robo mwaka nzima, umwulize naye anapendekeza nini. Wengi wao wanalijua kanisa kuliko wewe.

Wahubiri walei wapewe heshima ile ile. Ratiba ya robo mwaka isiwe orodha ya majina na tarehe tu. Iwe na fungu, majira, kile kilichohubiriwa juma lililotangulia, na maswali yaliyotoka katikati ya juma. Usiwaandikie mahubiri.

Acha pia Jumapili mbili tatu katika kila robo bila mfululizo wowote. Msiba utakuja, au jambo litakalotikisa jamii nzima, na mpango uliobana sana humfanya mchungaji aendelee na sehemu ya nne ya mfululizo wake mbele ya watu waliotoka kuzika. Siku hiyo Zaburi ya kalenda mara nyingi inatosha.

Mwisho, sisi wachungaji huhamishwa. Kwa hiyo kila Jumatatu andika katika daftari mistari michache: fungu lililohubiriwa na nani, nyimbo zilizoimbwa na ule uliowashinda watu, swali lililobaki bila jibu, Meza ilikuwa lini. Siku ya makabidhiano mwachie anayekuja nakala yake, ukiwa umeondoa siri za watu. Ataiona kalenda ya mwaka wake wa kwanza kabla hajafungua masanduku.