Ananivuta mkono lakini haonyeshi na kidole: barua zenu kuhusu usonji (autism)

Hujambo anti. Niko Umoja, kijana wangu ako na miaka 2 na miezi 4 na bado haongei. Akiwa na mwaka na nusu alikuwa anasema "mama" na "maji" halafu yakapotea tu, sai ni kuimba wimbo wa tangazo la sabuni ya TV basi. Ukimwita jina hageuki, lakini nikifungua pakiti ya krisps huko jikoni anakuja mbio. Akitaka kitu ananishika mkono ananivuta. Tairi ya kagari kake anaweza kuizungusha nusu saa. Mama mkwe anasema hata baba yake aliongea akiwa na miaka 4, jirani anasema ni katuni za simu, na daktari wa kliniki fulani alimwangalia dakika kama tano akasema huyu ni usonji, tukalipa tukatoka. Silali anti. Nimwamini nani? Mama K, Umoja

Mama K, pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nasimama hapo kwa mkono.

Mtoto wa mwaka mmoja na kitu, ndege ikipita juu ya ploti yenu, atainyooshea kidole halafu ageuke akuangalie usoni, kuona kama na wewe umeiona. Haombi kitu hapo. Anataka tu muione pamoja. Hicho kidole na hiyo shingo kugeuka ndizo mimi huuliza kabla sijauliza maneno, juu maneno huchelewa kwa sababu nyingi. Wangu, ambaye sai ni kijana mkubwa ananipita urefu, alikuwa anachukua kiganja changu anakibandika kwa kitasa cha mlango na kungoja, na haangalii kabisa mwenye mkono ni nani, ningekuwa mimi au mama wa kufua ilikuwa sawa tu. Kwa hivyo kesho muangalie vizuri: akikuvuta hadi kwa thamosi, anainua macho akuangalie? Akipata kitu kipya anakuletea uone, au anakaa nacho peke yake? Ukijifanya unalala, anakuiga? Andika unachoona, usiandike unachoogopa.

Mama mkwe usimgombeze, hasemi uongo, kuna watoto huchelewa kuongea na wakaja kuwa waongeaji wa kutosha. Lakini mtoto aliyechelewa maneno peke yake huwa anaongea na mwili wote, ananyoosha kidole, anapungia watu mkono, analisha mdoli uji, anakuvuta akikuangalia usoni. Na kuna jambo moja kwa barua yako ambalo halingoji miaka 4 ya mtu yeyote: alikuwa na maneno yakapotea. Mtoto akipoteza maneno aliyokuwa nayo, awe na umri gani, anapelekwa kuonwa, na hapo sibembelezi mtu.

Ya jirani ni nusu. Katuni hazileti usonji. Mtoto anayekaa na simu kutwa bila mtu wa kuongea naye lugha yake inaweza kuchelewa, kwa hivyo simu punguza, lakini usipunguze simu halafu ukae miezi sita ukisema ngoja tuone.

Sasa daktari wa dakika tano. Inawezekana amesema kweli, lakini hivyo sivyo mtoto anavyopimwa. Anza na masikio. Najua utasema anasikia krisps, ndio, lakini kuna mtoto husikia sauti za aina moja na kukosa zingine, na kuna mwenye maji ndani ya sikio. Kumpigia makofi nyuma ya kichwa si kipimo. Kwa mtoto ambaye hawezi kujibu kuna mashine wanamwekea vidude kichwani akiwa amelala, inaonyesha kama sauti inafika kwa ubongo, uliza hiyo. Hapa naongea na uchungu kidogo juu wangu aliitwa kiziwi akiwa na miaka 3 na hospitali moja, bila mashine yoyote, tukapoteza mwaka mzima tukihangaikia vifaa vya masikio ambavyo hakuvihitaji. Kwako wamesema usonji bila kupima masikio, kwangu walisema uziwi bila kupima masikio. Ni kosa moja hilo.

Baada ya masikio, tafuta daktari wa watoto, na umuulize wazi kama ako na uzoefu wa ukuaji wa watoto, akutume kwa wenye hiyo kazi: mtu wa ubongo wa watoto au wa saikolojia, mtu wa spichi therapi (wa kuongea), mtu wa okupesho therapi (wa kucheza, kula, kuvaa). Anayejua kazi yake atakukalisha sana. Atauliza ujauzito ulikuwaje, alizaliwaje, aliwahi kuugua homa kali ya kumletea degedege, anakulaje, analalaje, halafu atakaa chini acheze naye na kumwangalia. Kuna fomu moja ya maswali 20 inaitwa M-CHAT, ni ya watoto wa miezi 16 hadi 30, wako ako na 28 kwa hivyo bado inamfaa, iulize. Lakini hiyo ni ya kuchuja tu, ikionyesha wasiwasi maana yake ni apimwe zaidi, haijasema ni usonji. Na hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha usonji, mtu akikuuzia hicho shika pochi yako. Kupima umeme wa ubongo kuna kazi yake, ni ya kifafa, na kifafa huandamana na usonji kwa watoto wengine, kwa hivyo kama kuna wakati anatulia ghafla anakodoa macho kama hayupo, sema.

Hapa Nairobi wengi huanzia hospitali ya Kenyatta. Kuna pia KISE, ile taasisi ya elimu maalum kule Kasarani, wako na kituo cha kupima watoto, na kuna vituo vya kupima watoto kwa ajili ya elimu vinaitwa EARC vilivyoanza 1984, hivyo ndivyo vitakusaidia zaidi mambo ya shule yakifika. Mfano wa shule ni City Primary pale Ngara, shule ya serikali ambayo ina kitengo cha watoto wenye usonji. Ukija kutaka kumsajili na baraza la watu wenye ulemavu, utaambiwa upate ripoti ya hospitali ya serikali, kwa hivyo kila karatasi weka, hata ile ya dakika tano.

Siku ya kwenda beba kitabu cha kliniki na beba video. Hii nasisitiza. Mrekodi na simu dakika mbili mbili: akicheza na tairi, ukimwita jina mara tatu, akikuvuta jikoni, akiwa na watoto wengine kwa ngazi. Juu mkifika huko atalia, au atalala, au ghafla siku hiyo amuangalie daktari machoni vizuri sana, na wewe ubaki unaonekana mama wa wasiwasi tu.

Na usingoje karatasi ndio uanze. Keti chini, uso wako uwe mbele ya wake. Akizungusha tairi, zungusha yako. Krisps tia kwa mkebe wa kuonekana ndani ambao hawezi kufungua, akikuletea shika karibu na uso wako, sema "fungua", ngoja, ngoja zaidi ya unavyoweza kuvumilia, halafu fungua. Mtu atakuambia acheni lugha ya nyumbani muongee Kizungu peke yake. Usikubali, lugha mbili hazileti usonji wala haziuzidishi, ongea naye ile lugha unabembeleza nayo.

Nilisahau: wewe hukumfanya hivi. Simu hiyo, kazi unayoenda, mimba uliyobeba ukiwa na mawazo, sijui nini. Hapana.

*

Anti, binti yangu ni wa miaka 9, tuko Zimmerman. Shuleni madam anasema ni mpole na anasoma vizuri. Akifika nyumbani anatupa bag, analia saa nzima, soksi yenye mshono hawezi kuvaa, na ukibadilisha sahani yake hali. Anajua namba za matatu zote, 111 Ngong, 125 Rongai, 58 Buru, akianza hawezi kunyamaza. Tulienda hospitali wakasema ni wasiwasi tu. Mimi roho yangu haijatulia. Baba W

Baba W, asante kwa kuandika, akina baba huniandikia mara chache sana.

Wavulana hupatikana na usonji kama mara tatu au nne kuliko wasichana, na sababu moja ni hii unaniambia, msichana anakuwa mpole, anaangalia wengine wanacheka saa ngapi na yeye anacheka, anashinda siku nzima akiigiza, na nguvu ikiisha inaishia mlangoni kwenu. Kile kilio cha saa nzima si utundu. Ni mtu amechoka. Wasiwasi anaweza kuwa nao kweli, lakini wasiwasi na usonji hukaa nyumba moja mara nyingi, kupata mmoja si kusema mwingine hayupo. Rudi, ama enda kwa mwingine, na usiseme "analia sana", sema mambo yenyewe: soksi, sahani, matatu, tangu akiwa mdogo alikuwa anachezaje. Muulize madam swali moja, wakati wa breki anakaa na nani? Si kama anasumbua. Anakaa na nani. Jibu hilo libebe uende nalo.

Kwa sasa akifika nyumbani usimuulize siku ilikuwaje. Mpe kona yake, soksi zivaliwe nje ndani, na nusu saa bila maswali.

*

Anti, shemeji anasema mtoto wake aliharibiwa na ile sindano ya surua ya miezi 18, niache kumpeleka wangu? Mama T, Githurai

Mpeleke. Hiyo hadithi ya sindano kuleta usonji ilitoka Uingereza 1998, utafiti wa watoto 12 peke yake kuhusu chanjo ya surua, na jarida lenyewe likaifuta 2010, na daktari aliyeongoza akafutwa kwa orodha ya madaktari. Shemeji haoti, ni kwamba miezi 18 ndio umri dalili zinaanza kuonekana na sindano imepangwa hapo hapo, mtu anaunganisha. Na mkifika hiyo kliniki, kabla hamjatoka, mwambie nesi afungue ule ukurasa wa kitabu wenye mambo ya ukuaji, muupitie pamoja, mara nyingi hurukwa.