Jibu: Damu kavu kwenye kadi kupima VVU kwa mtoto mchanga

Ndugu, umeuliza kama damu iliyokaushwa kwenye karatasi inaweza kweli kutoa majibu ya VVU kwa kichanga wakati maabara iko mbali. Inatoa. Mtoto anachomwa kisiginoni, tone linajaza kiduara kwenye kadi. Wengi wanaharibu hapo: wanagusa kiduara kwa kidole, au wanaianika kadi juani ili iwahi kukauka. Iache kivulini, ilale bapa bila kugusana na nyingine, angalau saa 4, hadi wekundu ugeuke kahawia iliyokolea. Kisha ifungie kwenye mfuko usiopitisha hewa, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Barafu ya kuisafirishia hadi maabara ya nini? Adui ni unyevu. Ila kwa kupima wingi wa virusi, vikiwa vichache, plazma (majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake) bado inaaminika zaidi.