Maua yangu yanatoka kama ya plastiki, nakosea wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi binti wa Tabata, nachora maua na kuuza. Shida ni kwamba nikimaliza yanaonekana ya plastiki kabisa, halafu nachelewa mno, rozi zinanyauka sijafika hata nusu, na joto la Dar unalijua. Kaka yangu ananicheka eti maua ni ya kujifunzia tu, msanii wa kweli anachora watu. Nimeambiwa niwaangalie wachoraji Wafaransa wa zamani, Monet na wenzake, ila sijui niangalie nini hasa.

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na kaka yako, maana hayo maneno wala sio yake, wakubwa wa sanaa wa Paris walishayasema zamani, juu kabisa wakaweka picha za historia na dini, chini kabisa vitu vya mezani, maua na matunda. Wanunuzi hawakujali, mchoraji Mfaransa Fantin-Latour aliuza picha zake za maua Uingereza miaka na miaka yakamlisha. Na Van Gogh, mchoraji Mholanzi, alipofika Paris 1886 hakuwa na hela ya kulipa watu wamkalie awachore, basi akachora maua kibao ili azoee rangi, na hizo alizeti zake maarufu zikaja 1888. Sasa mwambie huyo kaka hiyo ndo kujifunzia yenyewe.

Haya, plastiki. Bila kuiona picha yako nabahatisha mambo mawili: kila petali umeizungushia mstari, na kivuli umekipata kwa kuchanganya nyekundu na nyeusi. Nimepatia? Monet na mwenzake Renoir nyeusi kwenye vivuli waliikwepa (Manet, huyu ni mwingine sio Monet, aliipenda, lakini Manet ni Manet). Juzi asubuhi nimeweka asumini kwenye kikombe cha bati dirishani, ua jeupe pee, lakini nyeupe tupu nimeitumia doa tatu tu upande wa mwanga, kwingine kote ni buluu hafifu, manjano kidogo, na kijani pale jani lilipolirudishia mwanga ua. Fumba macho nusu utaona, petali zinapotea na kubaki mabaka ya rangi, chora hayo mabaka, achana na petali unazozijua kichwani.

Kuhusu kunyauka hauko peke yako, Cézanne, Mfaransa mwingine, alikuwa anachora polepole hadi ikabidi atumie maua ya karatasi, ila mi sikushauri, plastiki yenyewe ndo unaikimbia halafu ukaifuate tena dukani? Fanya kama Manet. Mwaka 1882 na mwanzoni mwa 1883 alikuwa mgonjwa, kusimama muda mrefu hawezi, akawa anachora mashada madogo anayoletewa na marafiki, kanvasi ndogo, maua machache, hadi karibu na kifo chake Aprili 1883. Tafuta kwenye simu ile picha yake ya maua ya lilaki nyeupe kwenye chombo cha kioo, halafu usiangalie maua, shuka chini kwenye maji, uone mashina yalivyopinda na kukatikakatika ndani ya kioo, ukiivuta karibu ni mipigo michache tu ya brashi, yaani hakuna kitu, ukirudi nyuma unaona maji. Mi hapo huwa nakaa muda.

Kwa hiyo chukua kanvasi ya ukubwa wa daftari, rozi tatu sio kumi na mbili, anza saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali, na ukifika saa nne weka brashi chini hata kama haijaisha. Kama rozi bei imekuzidi, bogenivilia imejaa kwenye kuta za watu huko mtaani, kaa nje uichore ikiwa kwenye mti wake, Caillebotte, mwenzao Monet, alikuwa anachora maua ya krisanthemamu bustanini kwake hivyohivyo, picha za 1893 hata chombo cha maua hazina.

Ukimaliza nitumie picha, ila ipige karibu na dirisha, flashi zima.