Jibu: Eta Carinae ilififia, mbona infraredi yaonyesha bado inawaka?

Ndugu yangu, umeuliza vipi Eta Carinae, nyota iliyofifia karne ya 19, iwe bado na nguvu nyingi hivyo kwenye infraredi (mwanga wa joto usioonekana kwa macho), ukataja na mistari angavu ya spektra yake, yaani ya mwanga wake uliotawanywa kwa rangi. Haikuzimika, ilijifunika. Mwaka 1843 Eta Carinae iling'aa kuliko nyota zote za usiku ila Sirius. Katika mlipuko ule ilitapika gesi nyingi mno, na gesi ilipopoa ikafanya vumbi. Vumbi hilo humeza mwanga wa nyota, likapata joto, kisha likalitoa kama infraredi. Chukua seredani yenye makaa yaliyofunikwa na jivu: gizani huoni wekundu, lakini hebu weka kiganja juu yake! Joto la namna hiyo ndilo walilolipima wanaastronomia Westphal na Neugebauer mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwenye mawimbi ya infraredi yenye urefu wa maikromita 20, hakuna kitu nje ya mfumo wa Jua kilichoishinda kwa mng'ao.

Ile mistari angavu ya spektra uliyoitaja hutoka kwenye gesi, si kwenye vumbi. Baadhi yake hufifia kila miaka 5.5, nyota mwenza inayozungukana nayo inapoikaribia.

Mwezi wa Aprili, saa tatu usiku, simama Mama Ngina, Mombasa, utazame kusini. Tafuta Eta Carinae kulia kwa kundi la nyota la Msalaba wa Kusini. Chukua darubini, taa za mji ni kali.